Miche ya Yasinta Shambani kwa Amne

Amne binti Mdoe alikuwa na wivu tangu utotoni, na mtu yeyote wa Kwamdoe atakuambia hivyo hata kabla hujamaliza kumsalimia. Alipokuwa msichana aliwahi kumnunia shoga yake kwa muda mrefu kwa sababu tu baba yake, marehemu Mzee Mdoe fundi mitumbwi, alimsifia yule binti kwa kupiga kasia. Alipoolewa na Sabiri, mvushaji wa pale pale kivukoni, wivu ukapata kazi ya kudumu. Abiria wa kike akicheka ndani ya mtumbwi, Amne huku juu anaacha kukuna nazi na kutega sikio. Anacheka nini huyo? Maji yana kichekesho gani?

Lakini tusimwonee. Mchapakazi alikuwa, mkarimu alikuwa, na kitu kimoja alikipenda bila ugomvi: shamba aliloachiwa na baba yake, linaloshuka kutoka barabarani mpaka kwenye maji. Pale mto Pangani hutulia kidogo, na mbele yake kuna kisiwa ambako watu wa Kwamdoe hulima mpunga na bamia. Mitumbwi yote hufungwa hapo. Juu ya hapo mto ni mawe matupu, chini ya hapo ni mamba. Kwa hiyo kila anayekwenda kisiwani, au anayevuka kuelekea upande wa Handeni, hupita shambani kwa Amne. Hupita bure, kama alivyotaka Mzee Mdoe, na Amne alipenda sana kuwaona wakipita na kumwamkia.

Ndipo akaja mwekezaji. Mwenyewe hatukumwona, alimtuma kijana mmoja anaitwa Julius, mwenye viatu vyeupe kwenye tope lile, Mungu amsamehe. Julius akasema tajiri wake anataka kujenga bandari yake binafsi ya maboti ya starehe, hoteli pale kisiwani, na uzio wa waya kutoka barabarani mpaka majini. Wanakijiji watavukia kwingine. Kwingine wapi? Kwa mamba? Watu walikataa kwa kelele, Julius akatabasamu tu. "Hapa ufukweni hapana mwenyewe," akasema. "Ni pori."

Na kwa macho ya mgeni lilikuwa pori kweli. Mafuriko ya masika yalikuwa yamezoa ule uzio wa minyaa aliopanda Mzee Mdoe, na majani yakajiotea yanavyotaka. Halmashauri ikaleta agizo: wapimaji watakuja, kila mwenye shamba ufukweni apande miti ya mpaka, na jirani wa mpaka awe shahidi. Pasipo na alama patahesabiwa hapana mwenyewe. Kila mtu akaelewa. Shamba la Amne likienda, kivuko kimekwenda, na kisiwa nacho.

Ikaundwa kamati ya kumpinga mwekezaji. Mwenyekiti wake, Sabiri. Msemaji wake, Yasinta.

Huyu Yasinta alikuwa mjane wa Kisambaa kutoka Bungu. Alikodi shamba linalopakana na la Amne, analima nyanya na kuzipeleka Segera kuwauzia wasafiri. Mwanamke wa watu, hana makuu, ila mdomo anao. Mkutano wa kwanza alisimama akamuuliza Julius, "Kaka yangu, hayo maboti yakishafika, bamia zetu zitajifunza kuogelea?" Mkutano mzima ukaangua kicheko. Sabiri alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia yake. Amne akamtazama mumewe akifuta machozi. Tangu wazae Ikram, mtoto wao, alikuwa hajamwona akicheka hivyo kwa neno lake yeye, hata siku moja.

Basi hapo ikawa shida. Kila jioni Sabiri anarudi na habari: Yasinta kasema hivi, Yasinta anashauri vile. Chakula kikawa kichungu. Amne alivimba kama unga uliotiwa hamira, mpaka siku moja akapasuka.

"Baba Ikram, humu ndani usinitajie mto, usinitajie kamati, na huyo Msambaa wako ndiyo usimtaje kabisa!"

"Mama Ikram, nisikilize kidogo, hii ni habari ya shamba lako..."

"Fanyeni mnavyotaka! Nimeshasema!"

Sabiri akachukua kofia yake akatoka. Mtu aliyezoea kushindana na mto ule, lakini mdomo wa mkewe alikuwa hauwezi. Akachukua neno lake kuwa ndiyo ruhusa.

Kesho yake mchana akaja Chausiku, shoga yake Amne, yule asiyeweza kukaa na neno tumboni. "Mimi simo, shoga yangu," akaanza, na akisema hayumo ujue yumo mzima mzima. "Nimepita shambani kwako sasa hivi. Mumeo yuko kule na Yasinta. Wanapanda miti."

Mwiko ukamponyoka Amne. Maana kwetu huku mgeni hupewa ardhi alime mahindi, alime maharage, avune aondoke. Mti hapandi. Mkono uliotia mche shimoni ndio wenye mti, na mwenye mti kesho anadai ardhi. Mtoto mdogo analijua hilo.

Akaenda mbio, akajibanza kwenye matete. Akawaona kweli. Sabiri anachimba mashimo, mstari mmoja, kutoka barabarani mpaka majini. Yasinta nyuma yake anatia miche ya mitiki, anashindilia udongo kwa kisigino. Sabiri akasema kitu. Yasinta akacheka.

Wallahi Amne alitaka kupiga kelele, akajizuia. Anapanda mti kwenye ardhi ya baba yangu! Na mume wangu ndiye anayemchimbia shimo! Shoga angesema wanazini asingeumia hivyo. Hili lilikuwa kubwa zaidi. Mwanamke yule alikwishamchukua Sabiri masikio, sasa anamchukua na Mzee Mdoe kaburini.

Akangoja mpaka wakaondoka, Sabiri akienda kuswali alasiri. Kisha akatoka matetani akaanza kung'oa. Aling'oa mche mmoja mmoja akiutukana. "Ukome! Na wewe ukome! Bungu hakuna ardhi?" Kila alioung'oa akautupa mtoni, maji yakauchukua. Alirudi nyumbani mikono imejaa tope, akapika wali, na alipika akiimba. Sabiri alimshangaa, ila akaona asiharibu heri kwa kuuliza.

Asubuhi wapimaji wakaja. Kijiji kizima kikateremka kivukoni, Mzee Hiza, mwenyekiti wa kijiji, akiwa mbele, Julius naye na viatu vyake. Sabiri akaongoza njia kifua mbele.

"Karibuni mabwana. Mpaka wetu ni huu hapa, jana tu tumepanda..."

Akakwama. Akatazama chini, akatazama watu, kama mtu aliyepapasa mfukoni akakuta mkono unatokea upande wa pili.

"Alama iko wapi?" mpimaji akauliza.

"Si niliwaambia?" Julius akasema. "Pori hili."

Hapo ndipo Amne alipoelewa. Ile miti haikuwa ya Yasinta. Ilikuwa ya mpaka, ile ya agizo ambalo wivu ulimsahaulisha. Ilikuwa yake yeye.

"Huyu kaja kuing'oa!" Sabiri akamnyooshea Julius kidole. "Watu wa mwekezaji wameing'oa!" Vijana wakamzunguka Julius, mmoja akamkamata ukosi. Amne angeweza kunyamaza. Julius angepigwa, nani angemlilia? Lakini shamba lingekwenda vile vile, na baba yake hakumlea awaache watu wamuue mtu kwa kosa lake.

"Mwacheni," akasema. "Nimeng'oa mimi."

Mzee Hiza akamsogelea. "Umeng'oa wewe, mwanangu? Mpaka wako mwenyewe? Kwa nini?"

Amne akatazama ardhi. "Kwa wivu, mzee."

Jamani, watu walicheka! Hata wavuvi waliokuwa mtoni walicheka bila kujua wanacheka nini. Mpimaji peke yake hakucheka. "Mama, hilo mtu yeyote anaweza kulisema. Jirani wa mpaka ni nani? Aje ashuhudie."

Jirani wa mpaka ni nani! Amne aliomba ardhi impasukie aingie. Yasinta akajitokeza, akafunga kanga yake vizuri.

"Ni kweli. Nilisahau jembe nikarudi kulichukua, nikamkuta anang'oa."

"Mbona hukumzuia? Mbona hukusema?"

"Nimzuie kama nani? Na miche alishaitupa majini. Kwenda kumbishia hodi mtu mwenye hasira ile, niliogopa, msinicheke." Akageuka kwa mpimaji. "Baba, anayeng'oa cha mwenzake hutazama nyuma. Huyu hakutazama nyuma hata mara moja. Aling'oa akitukana, na kwenye kila shimo aliitaja Bungu kwetu. Mashimo yenyewe yale pale, yafuateni. Mimi tangu nihamie hapa sijaona mtu anayeonea gere ardhi isiyo yake namna ile."

Mpimaji akainama akatazama. Udongo mbichi, shimo baada ya shimo, mpaka majini. Akacheka naye mwishowe, akapima kutoka shimo hadi shimo, akaandika jina la Amne binti Mdoe. Julius akaondoka bila kuaga.

Watu wakapiga vigelegele, na Sabiri akasema mbele ya wote, machozi yakimlenga, "Yasinta, umetuokoa."

Yasinta! Amne amejivua nguo mbele ya kijiji kizima, na shukrani inakwenda kwa Yasinta! Roho ilimchoma upya, pale pale, shamba likiwa bado linashangiliwa.

Jumatatu Yasinta akaleta miche mingine kutoka kwao Bungu. Amne akachukua jembe mwenyewe, akachimba mwenyewe, akapanda mwenyewe, mgongo ukimuuma. Yasinta akaja na ndoo.

"Dada, nikushikie mche?"

"Weka maji hapo," Amne akasema. "Asante sana. Na mti wangu usiuguse."

Yasinta akacheka. Kule mtoni, ndani ya mtumbwi, Sabiri akacheka pia. Amne akainua kichwa, jembe mkononi.

"Na wewe huko," akapaza sauti, "unacheka nini?"