Aliyekufa kwa Jina Langu

Mdogo wangu alikufa akiitwa jina langu. Kosa hilo tulilifanya wawili, lakini yeye alikwishalilipia. Yaliyofuata ni yangu peke yangu.

Aliacha shule kidato cha pili, mwaka ambao baba alipooza. Mimi nilikuwa nimeshamaliza cha nne na kupata ukarani katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Mwanza. Ilibidi mmoja wetu arudi nyumbani Magu kulima mpunga na kuangalia ng'ombe, na hakuna aliyefikiri kwamba huyo angeweza kuwa mimi. Miaka ya tisini ilipoingia na kila kitu kikaanza kuwa cha watu binafsi, Dar es Salaam yakaibuka makampuni ya ulinzi yaliyotafuta vijana wenye kidato cha nne. Akaja kwangu Nyakato na begi moja. Tulikula ugali na sato, akamsifu shemeji yake kwa mapishi hadi mke wangu akaanza kumshuku, kisha akaniomba nimwazime cheti changu.

Halikuwa jambo la ajabu wakati ule. Vyeti vyetu vya zamani havikuwa na picha, na katika familia nyingi cheti kimoja kiliajiri ndugu wawili au watatu. Sisi majina ya baba na ya babu yalikuwa yale yale. Tulitofautiana jina la kwanza tu. Nilikitoa kabatini nikijiona mtu mkubwa anayemsaidia mdogo wake. Nikamwambia asije akaniharibia jina huko mjini.

"Usiwe na wasiwasi, kaka," akasema. "Nitakuwa wewe, ila mimi nitawahi kazini."

Alipata kazi. Baada ya muda akapangiwa lindo kwenye geti la ubalozi wa Marekani, na akaandika kwamba lilikuwa lindo zuri, lenye kivuli na chai. Akapata mke, binti wa Kiluguru. Walifunga ndoa bomani, wakapata mtoto wa kike. Mimi sikwenda. Tulikuwa kwenye msimu wa kununua pamba, au ndivyo nilivyosema.

Bomu lilipolipuka pale ubalozini, mwezi wa nane mwaka tisini na nane, hatukujua kama alikuwa zamu. Tulisubiri. Siku majina ya waliokufa yaliposomwa redioni nilikuwa ofisini, wakati wa chai. Majina yangu yakasomwa, yote matatu, taratibu.

Mhasibu wetu, mtu wa Musoma asiyeweza kukuacha upite bila utani, akanigeukia.

"Marehemu, chai yako inapoa."

Ofisi nzima ikacheka. Mwingine akataka kujua nani atarithi kiti changu, maana chake kilikuwa kimevunjika mguu. Nami nikacheka. Nilicheka nikijua aliyekufa ni nani. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichomfanyia mdogo wangu baada ya kufa kwake, na miaka yote hii sijapata namna ya kukieleza ikawa nafuu.

Naweza kueleza hofu yangu tu. Mwezi ule kulikuwa na habari kwamba kiwanda kimepata mnunuzi na wafanyakazi watapunguzwa. Mafaili yalikuwa yanapitiwa, na aliyeonekana kuwa na cheti chenye utata aliondoka bila kiinua mgongo. Kama ningelia pale, wangeuliza nalilia nini. Nikamaliza chai. Kesho yake niliomba ruhusa, nikasema mdogo wangu amegongwa na gari Dar es Salaam. Walichanga, wakanipa pole. Mhasibu mwenyewe ndiye aliyepitisha bahasha.

Jeneza lilikuja kwa gari, na juu yake msalaba wa mbao ulioandikwa jina langu kwa rangi nyeupe. Nilimpokea mjane na waliolisindikiza mjini, nikapanda nao kwenda Magu. Tulipofika Kisesa nilimwomba dereva asimame. Nikanunua rangi na brashi dukani, nikafuta jina lile kwa rangi nyeusi, na juu yake nikaandika jina alilopewa mdogo wangu siku ya ubatizo. Sikutaka msalaba wenye jina langu ufike kwa mama. Mjane alikuwa ameshuka kumnyonyesha mtoto. Akasimama nyuma yangu akisoma.

"Shemeji, hilo ni jina la nani?"

Nikamwambia ni la mumewe.

Akamfunga mtoto mgongoni, akarudi garini. Alikuwa amekaa na mtu yule miaka, amemzalia mtoto, na kumbe alikuwa akimwita kwa jina langu. Nadhani mdogo wangu aliogopa siri isije ikamponyoka mkewe mbele ya watu wa kazini. Au alilizoea. Tulizika, tukakaa matanga, na mama hakuuliza kwa nini rangi ya msalaba ilikuwa bado mbichi.

Mwaka uliofuata mjane alikuja Mwanza akiwa na wakili kutoka Dar es Salaam. Tulikutana kwenye mgahawa wa nyumba ya wageni, mimi nikiwa nimevaa shati langu la mikutano. Wakili alieleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Alisema kupewa fidia kwa huruma ni jambo moja, na kudai haki mahakamani ni jambo lingine. Waliopanga bomu lile hawakuwa watu wa porini tu. Ilidaiwa ipo serikali ya nje iliyowapa mahali pa kukaa na pasi za kusafiria. Marekani ilikuwa na sheria ambayo kwayo, alivyoisoma yeye, familia za waliokufa zingeweza kuishtaki serikali kama hiyo, hata familia ya mlinzi kutoka Magu. Wenzake huko walikuwa wanakusanya walalamikaji.

Hapo nikajifanya msomi. Nikauliza serikali inashtakiwaje na mtu ambaye hata haimjui. Nikasema hapa kwetu mtu akitaka kumshtaki ofisa mtendaji wa kijiji tu, anaanza kwanza kutafuta pa kuhamia. Nikasema serikali ile itakataa kufika mahakamani, na hata ikishindwa nani ataikamata. Maswali yalikuwa ya kweli, na wakili aliyajibu moja moja kwa heshima. Lakini sikuyauliza ili nijibiwe. Nilikuwa nasogeza mbele lile nililojua limemleta.

Alipomaliza akasema: "Mzee, tatizo letu ni wewe. Kwenye karatasi zote za ubalozi na za kampuni, aliyekufa ni wewe. Na cheti cha ndoa cha huyu mama kinasema ameolewa na wewe. Ukiwa hai, yeye si mjane."

Alitaka niape mbele ya hakimu kwamba nilimpa mdogo wangu cheti changu na kwamba yule aliyekuwa getini ni yeye. Nikamuuliza mimi nitapatwa na nini. Hakunidanganya. Alisema waajiri wangu wakijua, hawezi kuniahidi lolote.

Shemeji alikuwa amempakata mtoto. Mtoto alikuwa akichezea kizibo cha soda mapajani mwake. Shemeji akasema, bila kuniangalia: "Fedha wakitaka wakae nazo, shemeji. Mimi nataka siku moja waulizwe, na mimi niwe nimekaa pale kama mke wake."

Nikamjibu kwamba nimesikia, nitalitafakari. Wakili alikuwa na mambo mengine mjini. Angeondoka baada ya siku chache. Mjane akaja kulala kwangu Nyakato kusubiri neno langu. Alimsaidia mke wangu kuchambua mchele, akafua mpaka mapazia. Kila asubuhi alinisalimia shikamoo nami nikaitikia marahaba, na hakuligusa lile jambo. Angepiga kelele, ningejua pa kujificha.

Siku ya tatu nilimwambia mke wangu nimetumwa kukagua vituo vya pamba upande wa Sengerema. Hakuna aliyenituma. Niliomba likizo, nikaenda Kigongo, nikapanda kivuko na kushuka Busisi, nikapanga chumba. Mchana nilikaa kwenye vibanda vya samaki, nikitazama kivuko kikija na kurudi, na kila kilipokaribia niliwakagua abiria kama mtu mwenye deni. Niliogopa atakuwemo. Mtu wa umri wangu, mwenye kidato cha nne, namkimbia mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Niliporudi shemeji alikuwa ameondoka. Nilimuuliza mke wangu ameacha ujumbe gani.

"Amesema nikusalimie," akajibu, "na nikwambie hana kinyongo. Mimi ninacho."



Kiwanda kiliuzwa miezi michache baadaye. Mnunuzi hakuangalia cheti cha mtu yeyote. Alitoa mashine, akafunga mageti, tukaondoka wote, wenye vyeti safi na wenye vya kuazima, kwa malipo yasiyofika hata nusu ya tuliyoahidiwa. Nikafungua kibanda cha pembejeo Magu. Muda wote huo ningeweza kupanda basi kwenda kuapa, na sikupanda, ingawa sasa sikuwa na hofu ya kusingizia. Nilikuwa naona haya tu, na haya hiyo nayo nikaifanya sababu.

Nilikwenda mama alipokwisha kufa, mtoto akiwa tayari msichana wa sekondari. Niliapa Dar es Salaam mbele ya hakimu aliyekuwa akitazama saa. Yule wakili, sasa mwenye mvi, aliipokea hati yangu akasema atajaribu. Alieleza kwamba waliojiunga mapema walikwisha kusikilizwa. Kwa waliochelewa kuna maombi mengine, na kama yatakubaliwa hakuna ajuaye. Hakunilaumu. Alinikumbusha tu nisaini kila ukurasa.

Jioni shemeji alinipikia wali. Msichana alinipa shikamoo, akaniita baba mkubwa, akaenda kusoma chumbani. Tulikula. Nilitaka aniseme. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima, na maneno ya kuomba msamaha nilikuwa nayo mdomoni. Alipoondoa sahani akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shemeji, mwaka ule ulikuwa unaogopa nini hasa?"

"Kazi," nikasema. "Niliogopa kupoteza kazi."

Akasimama na sahani mkononi, akifikiri.

"Kazi gani?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa amesahau kwamba niliwahi kuwa nayo.