Balozi Juu ya Kenchi

Wifi yangu Veneranda ameongoza chuo kikuu, ameiwakilisha nchi Ulaya, na amenichosha kwa ubishi tangu nilipoolewa kwao Gonja. Vyeo vyake wasimulie wengine. Mimi nasimulia mabati!

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari, sabuni ikigeuka anasa. Serikali ilikuwa imeanza kulegeza kamba, na wananchi wakaruhusiwa kujenga sekondari zao wenyewe. Sisi Wapare kwa shule hatujambo. Tulifanya msaragambo, kijiji kizima kazini, mpaka kuta zikasimama. Ila mabati yalikwama Same kwa kukosa gari, na bila paa mkaguzi asingetusajili. Binti yangu Agatha alifaulu darasa la saba akakosa nafasi. Shule ile ndiyo ilikuwa tumaini lake pekee.

Veneranda alikuwa likizo, anabeba mawe pamoja nasi, redio ilipomtaja: ameteuliwa balozi! Tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Siku moja kabla ya ukaguzi, Landrova ya Serikali ikaja kumchukua.

“Shikamoo, Mheshimiwa,” alisema dereva, Hezroni. “Tuondoke sasa hivi. Kiapo ni keshokutwa.”

“Marahaba, mwanangu. Kwanza nenda Same ukaniletee mabati.”

“Mama, hili ni gari la Serikali!”

“Ndiyo. Na ukirudi Dar bila balozi, utawaambia umemwacha wapi?”

Hezroni akanitazama, akidhani nitamtetea. Thubutu! Nilimkabidhi kamba ya kufungia mzigo.

Jua halijazama akarudi, mabati yakipiga kelele juu ya gari, nasi tukamlaki kama bwana harusi. Alfajiri misumari ikaanza kulia. Mkaguzi alipofika, balozi wetu alikuwa juu ya kenchi, khanga kiunoni, anapigilia bati la mwisho.

“Profesa? Shikamoo! Ulinifundisha mimi!”

“Marahaba. Basi unajua sipendi kazi nusu. Panda ukague.”

Alipanda na viatu vyake vya ngozi. Akagonga bati hapa, akatikisa mbao pale, nami nimeshika ngazi chini. Aliposhuka alisema, “Januari fungueni.”

Nilikaa palepale vumbini nikalia kwa sauti. Agatha atasoma! Agatha wangu!

“Wifi!” Veneranda alifoka kutoka juu. “Shika ngazi kwanza, ndipo ulie! Mimi nina kiapo kesho!”