Mwanamke Aliyetufunga Gilet Ziwani

Katika umri huu sina faida ya kudanganya. Haya yalinipata mimi mwenyewe kwenye Ziwa Edward, na mke wangu Kavira yuko hapa Mususa anamenya viazi, ukitaka, muulize. Yeye atakusimulia akicheka. Mimi siwezi kucheka.

Tulishuka Kyavinyonge kununua samaki wa chumvi wa kuuza Butembo. Tulipata gunia moja zuri kwenye kambi ya wavuvi ng'ambo ya ghuba, na asubuhi tukarudi kwa mtumbwi wa makafi wa Kakule, mvuvi wa pale, yeye mwenyewe akipiga kafi nyuma yetu. Jua lilikuwa limechomoza, lakini ukungu ulifunika maji.

Sisi wachuuzi wa samaki tuna desturi moja ya kijinga. Ukipewa gilet, ile koti ya kuelea, unaikalia, maana sakafu ya mtumbwi ina maji na hutaki kulowesha suruali. Halafu unajifunga kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye gunia, ili mzigo usipotee. Nilifanya vyote viwili. Kavira ni mzaliwa wa Alimbongo, mtu wa milimani asiyejua kuogelea. Alitaka kuvaa yake. Nikamwambia, "Acha mambo ya batoto. Uikalie." Neno hilo linaniuma hadi leo.

Katikati ya ghuba ndipo nilipomwona mtu wa nne. Mwanamke, ameketi mbele ametuelekea, kitenge chake kikavu kabisa wakati sisi ukungu umetulowesha. Nikadhani alipanda nasi bila mimi kumwona. Wewe ungedhani nini?

"Papa," akasema, "gilet inafanya nini chini ya matako yako?"

"Njo desturi yetu, batu ya samaki."

"Desturi ya kuzama? Na ile kamba, unataka gunia ikuonyeshe njia ya chini?"

Kavira akaangua kicheko. "Umuambie, Mama! Miye hanisikiaka."

"Donc basi mugeuke, bote wawili."

Tukazitoa gilet chini yetu, tukazivaa, tukageuka. Gilet za Kakule zilikuwa kuukuu, vifungo vimevunjika, zinafungwa kwa kamba mgongoni. Niamini, vidole vya yule mama vilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alinifunga, akapitisha kamba moja katikati ya mapaja, kisha akaivuta gilet mabegani kuona kama itapanda hadi masikioni. Haikupanda. Akamfunga Kavira vilevile. Mwishoni akafungua ile kamba ya gunia kiunoni mwangu.

Hapo hapo kiboko akainuka chini yetu.

Mtumbwi ulipinduka. Maji yakaniingia puani, nikaibuka kama kizibo cha chupa. Kavira alikuwa kando yangu, kilemba kimemtoka, analiita jina langu. Gunia lilizama mara moja.

"Mushike mutumbwi!" Kakule akapaza sauti. "Musiogelee!"

Tuliushikilia umepinduka vile vile, hadi wavuvi wakatufikia.

"Na yule mama?" nikauliza tulipofika nchi kavu.

"Mama gani? Tulikuwa batatu. Miye nilisikia tu munacheka."

Kavira akamgeuzia mgongo, akamwonyesha fundo, pale ambapo mkono wake mwenyewe haufiki. Kakule akalijaribu kwa vidole, halikulegea. "Kuna mama moya alizama hapa zamani," akasema polepole. "Gunia njo ilimuvuta."

Tangu siku hiyo, ukungu ukishuka, ninahisi baridi mgongoni mahali palipokuwa na fundo. Haiumi. Bado ninashuka ziwani, na pale ufukoni ninawasumbua watu: vaa kabla ya kukanyaga mtumbwi, si baadaye. Vua buti. Kaa chini, si ukingoni. Mzigo ufungwe kwenye mtumbwi, kamwe usifungwe kwenye mwili. Na ukungu ukiwapo, mpiga kafi agonge ubavu wa mtumbwi ili kiboko asikie mnapita. Wananiita Papa Gilet. Waniite. Juzi mama mmoja mchuuzi wa samaki alifungua kamba yake kiunoni kabla sijasema neno, akanicheka, akavaa.

Nawe, ukisikia ndani ya ukungu sauti usiyoijua ikikuambia ugeuke, geuka bila ubishi. Lakini usimtegemee yule mama. Siku hiyo anaweza kuwa na kazi kwenye mtumbwi mwingine.