Mdiria Wangu na Hondohondo wa Mwanyumba

Watu wa Pwani wakisikia wewe ni Mkamba, hawakuulizi kama unajua kuchonga. Wanakuuliza kibanda chako cha vinyago kiko wapi. Mimi nilizaliwa huku huku, kwenye shamba la wazazi wangu upande wa Msambweni, na kitu pekee nilichowahi kuchonga ni penseli. Hata hizo hazikuwa nyingi, maana mimi na shule tuliachana darasa la sita.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, wageni walipungua Diani. Hoteli nilikokuwa nikifyeka majani ikatupumzisha, na mwanyumba wangu, aliyemuoa dada mkubwa wa mke wangu, akapumzishwa kule jikoni. Tukawa tunashinda Ukunda kwa wachongaji wa kando ya barabara, tunawatazama tu. Mzee mmoja akachoka kutazamwa, akampa kila mmoja wetu kipande cha mti na kisu kikuukuu.

"Chongeni ndege," akasema. "Ndege hana vidole vya mkono."

Wivu ulianza siku hiyo hiyo. Mwanyumba aliushika ule mti kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mimi niliushika kama muhogo. Yeye aliuweka wake chini ya kitanda ukauke kwanza. Mimi nilianza pale pale, ungali mbichi. Yeye akachonga hondohondo, na lile domo kubwa likatokea zima, limepinda vizuri, mpaka unaona kama litakudonoa. Mimi nilikuwa nachonga mdiria, yule ndege wa mdomo mrefu anayevua samaki. Nikakata mti kinyume na nyuzi zake, mdomo ukavunjika. Nikachonga mwingine mfupi, nao ukavunjika. Nikabakisha kijidomo kidogo hivi, nikajiambia huyu bado mtoto, atakua.

Rangi tulipata masalio ya rangi za mashua. Mwanyumba alipaka kwa unyoya wa kuku, anapaka, anasubiri ikauke, anapaka tena. Mimi nilikuwa na rangi nyeupe, rangi ya kahawia, na haraka. Macho nikayaweka mbele, makubwa, ya duara, kama yangu mwenyewe. Nimeona ndege maisha yangu yote lakini sikuwahi kumkagua mmoja usoni nijue macho yake yako ubavuni.

Mke wangu alimgeuza geuza yule ndege.

"Ni mzuri," akasema mwishowe. "Ukiwa mbali. Lakini umemwona wa shemeji? Yule nusura aruke!"

"Basi na aruke aende zake."

Krismasi ilipofika, sote wawili tukapeleka ndege wetu Kikoneni kwa mama mkwe. Na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa. Mama ana kabati moja la vioo, na juu yake, kati ya redio na picha ya harusi, palikuwa na nafasi ya pambo moja. Niliitaka nafasi ile. Mwanyumba ndiye aliyemwezekea jiko, ndiye aliyemchimbia choo, ndiye anayetajwa kanisani. Mimi nilikuwa yule mkwe mwingine. Angalau hili moja nimshinde.

Desturi yetu, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamshikani mikono, hamtazamani usoni, na neno lazima lipitie kwa mke. Kwa hiyo nikampa mke wangu ndege, naye akampa mama, mimi nikabaki nasoma sakafu.

Tuliporudi Pasaka, hondohondo yuko juu ya kabati, ametandikiwa kitambaa cha kufuma. Wangu hayupo. Nikatoka nje kama mtu anayekwenda chooni, nikamkuta juu ya banda la kuku, amefungwa kwa waya.

Nikarudi ndani kifua kinawaka. "Muulize mama," nikamwambia mke wangu, "ndege wangu amekosa nini hata akalazwa na kuku?"

Mama mkwe alikuwa pale pale mlangoni, ametupa mgongo. Akamjibu binti yake: "Mwambie ninamshukuru sana. Tangu nimweke yule bundi wake, mwewe hajachukua kifaranga hata kimoja."

"Mama," mke wangu akasema polepole, "yule ni mdiria."

Mama akachungulia nje, kwenye banda la kuku.

"Haya," mama akasema. "Mwambie pole."

Mwanyumba, aliyekuwa ameketi chini ya hondohondo wake kama mfalme, akapasuka kicheko. "Yaani mwanyumba, ukamletea mama bundi siku ya Krismasi!"

Nilitamani kulivunja lile domo la ndege wake, nikimaliza nihamie kwa mwenyewe. Lakini mdomo wangu siku zote hutangulia mkono.

"Mwambie mama," nikasema, "huyo ndiye aliyetoka mzuri. Yuko mwenzake nyumbani, huyo usiku tunamfunika gunia ndipo watoto walale."

Mama mkwe akatoa sauti kama aliyepaliwa na chai. Akashika mwimo wa mlango, akajiziba mdomo kwa leso, mabega yanaruka. Kisha akasahau desturi yote, akageuka, akanitazama mimi, usoni.

"Mlete!" akasema, machozi yanamtoka. "Mlete huyo nimuweke kwenye mahindi, nyani wamenimaliza!"

Wote tukacheka, hata mke wangu aliyekuwa amekasirika kwa niaba yangu. Mwanyumba peke yake hakucheka tena. Alisimama, akamsogeza hondohondo wake kidogo kulia, akamtazama, akamrudisha pale pale alipokuwa. Mama hakugeuka kuona. Alikuwa bado ananiuliza, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, huyo wa gunia macho yake nimeyaweka wapi.