Mimi na baba mkwe juu ya ghorofa Malaba, tumepeana mgongo

Wakuu, salamu kwenu na kwa wenye mnawalea. Nimeona mnaonyeshana picha za starehe za Guangzhou, ghorofa zinawaka rangi rangi. Mjukuu wangu anasoma huko China. Juzi alinipigia video akiwa juu ya jengo refu usiku.

"Kukhu, umewahi ona kitu kama hii?"

Kukhu ndiyo nyanya kwetu. Nikamwambia nimewahi. Akacheka. Basi naandika, na nikiongeza chumvi mnishtaki kwa chifu.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa kahawa ya magendo. Malaba, hapo mpakani na Uganda, ilikuwa hailali.

Mimi nilikuwa nimeolewa Matayos, niko na mtoto mmoja, bwanangu dereva wa lori, yuko safari Mombasa. Boma ilikuwa ya baba mkwe, mzee wa kanisa. Alikuwa anakemea dansi mpaka mate yanaruka. Alisema bibi ya kijana wake akionekana kwa baa, anarudi kwao siku hiyo hiyo, na mtoto anabaki.

Mtoto anabaki. Shikeni hapo.

Jirani yangu Amoit, Mteso asiyejua kuogopa, akaniambia kuna bendi ya Wakongo Malaba, kwa lodging mpya ya ghorofa.

"Ama unataka kuzeeka ukichunga kuku za mzee?"

Nikamwachia mama mkwe mtoto, nikadanganya naenda kulala kwa shangazi mgonjwa. Mzee mwenyewe alikuwa ameaga asubuhi, anaenda maombi ya usiku Bungoma.

Wacha niseme ukweli, nilicheza. Jenereta inanguruma nje, gitaa zinalia, madereva na warembo wa Tororo wenye afro kama kichuguu. Soda yangu iliisha gesi kwa meza.

Halafu nikaona mgongo. Kuna mgongo unaujua tu. Koti ya kanisa, na inakata kiuno!

Baba mkwe. Akageuka.

Vijana hamwezi elewa. Kwetu bibi ya kijana na baba mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, hawaangaliani machoni. Mkigusana, kondoo anachinjwa kuwatakasa, na kijiji yote inajua sababu.

Mlango ulikuwa umejaa watu. Nikakimbilia ngazi ya nyuma mpaka juu kabisa, penye tangi ya maji, nikajibanza kwa kona.

Muda kidogo nikasikia viatu. Mzee naye anatoroka! Kuniona akaruka upande ule mwingine wa tangi kama kijana.

Chini yetu watu wakajaa kwa ngazi, na ilikuwa hiyo moja tu, nyembamba. Hakuna kushuka bila kusukumana.

Mzee akakohoa, akaanza kuongea na tangi. Hiyo inaruhusiwa. Unaambia kitu, mwenzako anasikia.

"Tangi, hii maombi iko na kelele."

Nikajibu, "Tangi, hata shangazi amepona haraka."

Akacheka. Miaka yote kwa ile boma sikuwa nimesikia akicheka.

Tukakaa tumepeana mgongo, tangi katikati. Mimi naangalia Uganda, yeye Kenya.

"Tangi, muulize huyo mama kwake kunaonekana nini."

"Tangi, mwambie mzee huko Tororo kiwanda cha simiti kinawaka kama makaa yamemwagika, na ule mwamba umesimama juu yake mweusi. Kwake je?"

"Malori. Yamepanga laini mpaka macho yangu yanaisha. Kila moja na taa yake, kama kanisa yote imebeba mishumaa."

Nilitamani sana kugeuka. Sikugeuka.

Bendi ilipopumzika ngazi ikafunguka. "Tangi, mwambie ajifunike leso kichwa chote." Nikajifunika. Akapita ameshikilia koti isiniguse. Akiwa chini kwa ngazi nikasikia, "Tangi, huyo mtoto haendi popote, wala mama yake."

Jumapili akasimama mbele ya kanisa, uso wa mawe, akaomba washirika wote wamkumbuke shangazi yangu. Mimi nikainama, leso mdomoni.

Hatukuongea hiyo maneno tena mpaka alipozikwa.

Sasa mjukuu alikuwa ananionyesha mto, na taa, na mashua. Maridadi, siwezi kataa. Nikamwambia, "Geuka. Nionyeshe nyuma yako."

"Nyuma hakuna kitu Kukhu, ni barabara tu."

"Geuka!"

Akageuka. Malori. Yamepanga laini, kila moja na taa yake, mpaka macho yanaisha.

Nikaipa simu mgongo, kijana akafikiri network imepotea.

Somo langu ni moja: mwenye anakukataza dansi, muulize yeye alicheza wapi. Na mimi nawakataza wajukuu wangu sana.

Haya, nyinyi mlishakutana na wakwe wenu wapi? Semeni, lakini kwa heshima, nasoma yote.