Siku Kompyuta Ilipomwita Mjomba Chilinda

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na hata sasa nikiisimulia masikio yanawaka moto.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea mwisho, nimerudi kutoka kusoma kompyuta ng'ambo, najiona kichwa kweli kweli, nikaletwa Nachingwea kuwafundisha makarani wa vijiji, na mstari wa mbele kakaa Mzee Hamisi, karani wa Nandagala, mjomba wa mchumba wangu Somoe (na kwetu mjomba akikataa, hata baba akubali vipi, ndoa hakuna). Alikuwa bado hajatoa jibu.

Siku moja kabla ya somo, nikijaribu programu, nilihitaji jina lolote la kuanzia, la kushika nafasi mpaka lije jingine, nikaandika Chilinda. Ndilo jina la utoto la Mzee Hamisi, Somoe aliniambia kwa siri tukacheka. Mnajua wenyewe, mtu akishatoka jandoni jina lile limezikwa, ukimwita nalo mbele za watu umemvua nguo. Nikasema nitalifuta kesho. Sikulifuta.

"Klasi ni fomu tupu," nikawaambia kwa madaha. "Unaipitishia thamani, tuseme jina, nayo inakutolea mtu mwenye jina hilo. Haya mjomba, tuanze na wewe." (Nilitaka kumfurahisha, mjinga mimi.)

Nikapitisha Hamisi. Kumbe nimeandika mstari wa kulipokea jina tu, wa kuliweka ndani ya yule mtu nimeusahau, kwa hiyo akabaki na jina la jana. Printa ikapiga kelele, karani wa Nambilanje akachana karatasi, akasoma kwa sauti: "Jina, Chilinda."

Makarani wawili wa rika lake wakaangua kicheko. Badala ya kuzima mashine nikapitisha Hamisi tena. Chilinda. Nikapitisha jina langu mwenyewe, Chilinda vilevile, na sasa chumba kizima kinacheka isipokuwa mmoja.

"Mjomba, ni mashine tu..."

"Mashine imezaliwa Nandagala?" Akafunga daftari lake taratibu. "Hilo umepewa na Somoe. Na wewe siri ya ndani umeichapa karatasini. Basi, baba, nimekujibu."

Akatoka. Somoe akaolewa Ruangwa kabla msimu wa korosho haujaisha, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Nilikuamini." Tangu hapo mifano yangu yote ni A na B, jina la mtu situmii. Mstari niliousahau niliuandika jioni ileile, ikanichukua dakika moja. Siri ya Somoe sikuwa na pa kuirudisha.