Gracieuse na Mkate wa Meza

Miaka sita Gracieuse wa mtaa wa Bungulu, mjini Beni, aliumwa tumbo, na miaka sita watu walikuwa na jibu tayari: amelogwa, amewekewa sumu, mawifi wanamwonea wivu. Midomo ya watu wa Beni, jamani, haina likizo! Alikonda mpaka kikwembe alichojifunga kikamzunguka mara mbili. Mwishowe munganga mmoja wa hospitali ya Butembo akampima damu, akamwambia bila kuzunguka: "Mama, ni ngano. Mukate, mandazi, biskuti, makaroni, acha byote. Hata kipande kidogo kinakuumiza."

Akatoka pale na karatasi yenye maneno mawili, *sans gluten*, yaani chakula kisicho na ngano, akaanza kuyazunguka kwa miguu maduka ya Butembo. Kwenye alimentation ya kwanza, yaani duka la vyakula, walimpa biskuti za wagonjwa wa sukari. Ya pili, muuzaji aliisoma karatasi, akaigeuza, akauliza kama ni dawa ya minyoo. Ya tatu walikuwa nayo kweli: pakiti moja ya makaroni ya Ulaya, juu kabisa ya rafu, ina vumbi, tarehe imeshapita, na kwa bei yake ungelisha nyumba nzima wiki mbili. Gracieuse alicheka kwa hasira, akapanda gari kurudi Beni.

Duka lake alilipata sokoni, kwa Mama Sikuli muuza mihogo. Muhogo, ndizi za makemba, viazi, maharagi, vyote hivyo alikuwa amevipita kila siku akikimbilia mkate. Hata muhogo wa unga hakuupeleka kwenye moulin, maana mashine ileile inasaga ngano ya Lubero. Alitwanga mwenyewe kwenye kinu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Baada ya miezi mitatu tumbo lilitulia. Alinenepa, akarudi kuimba kwaya.

Ungedhani watu wangefurahi. Wapi!

Kwenye paroisse yao, yaani kanisa lao, siku ya Sainte Cène, Meza ya Bwana, sahani ya mkate hupita mstari kwa mstari. Anayeipitisha bila kutwaa, kila mtu anajua: ana dhambi aliyoificha, au wazee wa kanisa wamemtenga. Gracieuse aliipitisha mara tatu. Baada ya mara ya tatu, mzee wa kanisa Esdras akabisha hodi kwake, na mashemasi wawili nyuma yake.

"Mama Gracieuse, uko na zambi gani? Sema tu, tutaomba pamoja."

"Zambi hapana, mzee. Ni ngano. Munganga alinikataza."

"Mukate wa Bwana hauyaua mutu hata siku moja."

"Basi muniwekee kipande ya muhogo pembeni ya sahani. Nitaipika miye mwenyewe."

Esdras alishika kichwa. Muhogo kwenye meza ya Bwana! "Mukate ni mumoja, mama. Kama haukule, uko inje ya meza. Na mama mwenye iko inje ya meza, ndoa ya mutoto wake hatubariki."

Hapo walimshika pabaya. Bénite, binti yake wa pekee, alikuwa aolewe Jumamosi baada ya Sainte Cène iliyofuata. Mbuzi wa mahari walishapokelewa, nguo ya harusi ilishashonwa. Timothée, mume wa Gracieuse, mpole hata pasipotakiwa upole, hakumlazimisha. Alisema tu, "Mama Bénite, ni kipande kidogo." Gracieuse alimkazia macho mpaka akainama. Ukiniuliza mimi, angempiga mwiko.

Jumapili akala. Kipande cha ukubwa wa ukucha. Jioni alikuwa anatapika, Jumatano hakuweza kusimama, na Jumamosi harusi ilimkuta kitandani, amejikunja, akisikia kwaya yake ikipita barabarani bila yeye.

Alasiri jirani yake Delphine aliingia na sahani ya wali wa harusi, akakaa pembeni ya kitanda.

"Delphine, kulikuwa nini kule?"

"Mzee Esdras alisimama mbele ya batu bote. Alisema ulitwaa mukate na zambi ndani ya roho, kwa hiyo Mungu amekujibu na ugonjwa."

Gracieuse alifumba macho. Maneno ya Esdras alikuwa ameyategemea, hayakumshangaza.

"Na Bénite? Alimujibu nini?"

Delphine alisogeza sahani huku na huku.

"Alilia, mama. Alisema bakimaliza kula, atakuja hapa na mzee Esdras, bakuombee utubu."